Siku Charo Alipochoka Mbele ya Watu

Tononoka,
Mombasa.
7 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Mbodze,

Salamu nyingi zikufikie huko Lodwar, kwenye jua lenu lisilo na huruma. U hali gani, mamangu? Ile homa iliyokulaza wakati wa Pasaka imekwisha, au bado inarudi jioni? Unakula? Nauliza kwa dhati na nataka jibu la dhati, si lile "namshukuru Mungu" lako la kila siku.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua nikikaa sana kwenye cherehani, lakini kazi ipo. Bado nashona kwa Maleka kule Mji wa Kale, na msimu huu wa harusi hatupati hata nafasi ya kunyoosha mgongo. Mama yuko Kaloleni, ni mzima, macho tu ndiyo yamepungua nguvu. Kila nikienda huuliza habari zako kabla hajaniuliza zangu.

Barua yako niliipata kwa mkono wa yule muuguzi mwenzako. Uliandika kwa fahari kwamba ulizimia zahanati ukiwahudumia wagonjwa, ukaamka, ukanywa maji, ukaenda kufundisha watoto wa Jumapili. Labda ulitarajia nikupigie makofi. Sikupigi. Tena uliuliza kwa nini kaka yetu Charo hapokei simu zako, umemkosea nini.

Hukumkosea kitu. Nitakueleza yote kama yalivyokuwa, na hapo utajua kwa nini habari ya kuzimia kwako ilinikata maini. Kwa simu singeweza. Mtandao wenu ni wa kubahatisha, na haya si maneno ya kukatizwa katikati.

Ulipoondoka, Charo alikuwa mwinjilisti tu hapa kanisani kwetu. Mchana ni karani wa godauni kule Shimanzi, jioni anahubiri na kutembelea wagonjwa. Baadaye wakamwongezea. Mwalimu wa kwaya alihamia Voi, kwaya ikawa ya Charo. Kiongozi wa vijana alipata kazi Doha, vijana wakawa wa Charo. Mazishi nayo yakawa yake, maana Mchungaji Dishon ana presha na jua la makaburini linamdhuru. Funguo za kanisa alikaa nazo yeye, kwa hiyo hata choo kikiziba huitwa yeye. Hakukataa hata kimoja. Watu walimsifu sana, na kadiri walivyomsifu ndivyo walivyozidi kukaa kitako.

Wifi Ashley alijifungua yule wa mwisho Charo akiwa kwenye semina ya wazee wa kanisa. Alifika mtoto ameshaoshwa na kuvishwa. Ashley hakumgombeza. Aligeukia ukutani tu.

Halafu kukawa na Ronny. Wewe humjui. Ni mtoto wa mama mmoja aliyehamia mtaani kwetu baada ya wewe kwenda, anauza viazi karai karibu na uwanja wa Tononoka. Hana mume, na huyo Ronny alikuwa mwanawe wa pekee. Alishikwa na saratani ya damu. Charo akitoka Shimanzi, vumbi la malori bado liko kichwani, alipitia wodini kila jioni, akamshika yule mtoto mkono, akaomba na mama yake. Mtoto alimpenda. Alikataa dawa mpaka Charo afike. Basi Charo akawa hana jioni hata moja ya kukosa, na yale mengine yote yakabaki kumngoja vilevile.

Siku moja baada ya ibada alimwendea Mchungaji ofisini. Nilikuwepo, nawapima wanakwaya kanzu mpya.

"Mchungaji," akasema, "naomba mnipumzishe kidogo. Hata mwezi tu. Nikisimama kuomba, maneno yanatoka, lakini mimi mwenyewe simo."

Mchungaji Dishon alicheka, kile kicheko chake cha kumpigapiga mtu begani. "Charo, shetani hachukui likizo. Mtumishi wa Mungu apumzike afanye nini? Tutapumzika mbinguni."

Mzee mmoja wa kanisa akadakia, "Au kuna mwanamke ameonekana huko Shimanzi?"

Wakacheka wote. Charo naye akacheka, akachukua funguo zake, akaenda kufunga madirisha.

Ronny alikufa mwezi wa Aprili. Mazishi yalikuwa asubuhi, na jua lilikuwa limeshapanda. Charo alikuwa ametoka kuzika watu wengine wiki ileile, sauti imemkauka. Kwaya iliimba, jeneza likashushwa. Lilikuwa dogo, Mbodze, la rangi nyeupe. Mama Ronny alikuwa analia kwa sauti moja tu, kama mlango usiotiwa mafuta. Charo akafungua Maandiko. Akayatazama. Tukangoja. Tukangoja mpaka watu wakaanza kukohoa.

Akayafunga, akasema, "Mama Ronny, acha kulia."

Tulidhani anaanza kumfariji.

"Sina neno la kukupa," akasema. "Nilimwombea mtoto huyu apone mpaka nikachoka. Baadaye nikaacha kuomba apone. Nilipokuwa nakuja wodini mwisho mwisho, nimemshika mkono, unaniona nimefumba macho, nilikuwa naomba afe upesi nipate kwenda kulala."

Nakuandikia maneno yale kama yalivyotoka, sijapunguza. Mama Ronny aliacha kulia. Alimtazama Charo muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemhudumia mteja, "Basi umepata. Nenda ukalale."

Charo akageuka, akaondoka katikati ya makaburi bila kumngoja mtu. Vijana wakaanza kufukia haraka haraka, na maombi ya mwisho hayakuombwa na yeyote. Mtoto yule alizikwa bila amina. Hilo ndilo lililomuuma mama yake kuliko yote, na ana haki.

Jumapili iliyofuata Mchungaji Dishon alimsoma jina hadharani. Alisimama madhabahuni akasema ndugu Charo ameondolewa huduma zote kwa kuliaibisha jina la Bwana, na waumini wasimkaribishe kuomba popote. Ashley na watoto walikuwa wamekaa benchi la mbele, mahali pao pa siku zote. Hakuna aliyewaonya wasije. Mtoto mkubwa akauliza kwa sauti, "Mama, baba amefanya nini?" na watu wakainama kutazama viatu vyao.

Kuna mtu alikuwa amerekodi kwa simu pale makaburini, ikasambaa. Kule Shimanzi madereva wa malori wakapata mchezo. Akipita na karatasi zake za mizigo, mmoja hujishika tumbo na kupiga kelele, "Mchungaji, njoo uniombee nife upesi!" Wakawa hawachoki. Yeye alipita tu. Mwishowe akaacha kwenda kazini, akalala. Alilala mchana, akaamka, akanywa chai, akalala tena, uso umeelekea ukuta.

Ndipo wakaja hapa nyumbani kwetu watu wa maombi wa kanisani. Walimkuta kitandani, wakamteremsha sakafuni, wakamshika mikono na miguu, mmoja amemkalia magoti, wakaanza kuliamuru pepo la uvivu limtoke. Walipiga kelele mpaka jirani zetu Waislamu wakaja mlangoni kuuliza kuna msiba gani. Charo hakupigana nao. Machozi yalikuwa yanamtiririka kuingia masikioni, naye anasema, "Niacheni nilale, jamani, niacheni nilale tu." Nilitoka jikoni na mwiko wa sima, wa moto, na Mungu anisamehe, niliutumia. Hao watu hawaniamkii mpaka leo, na sijapungukiwa na kitu.

Ashley alifunga virago siku ya pili. Nilimwomba angoje kidogo. Akanijibu, "Wifi, nilipokuwa namtaka mume, kanisa lilikuwa naye. Sasa wamemfyonza wamemaliza, wananirudishia maganda. Nami nina watoto wa kulea." Akaenda kwao Mariakani.

Nilimpeleka kwa daktari. Alimsikiliza, akampima, akaniambia kaka yangu hajarogwa wala hana pepo. Ana sonona. Amejitumia mpaka akapita alipopaswa kusimama, akaendelea kwa sababu hakuna aliyemsimamisha. Akampa dawa na kumtaka arudi kuzungumza naye kila wiki. Charo aliuliza swali moja tu: "Daktari, imani yangu imekufa?" Daktari akasema hilo hakusomea, lakini mtu aliyechoka namna hii hawezi kujua kama ana njaa, sembuse kama ana imani.

Nyumbani sikuthubutu kumwacha peke yake, nikawa naenda naye kazini. Nilikuwa nimeshamweleza Maleka kila kitu, maana ile video ilimfikia hata yeye. Maleka ni Mwislamu wa Kibohora, mambo ya kanisa hayajui. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkasi mkononi, akauliza, "Kadzo, hebu niambie. Kwani hawa watu wenu hawana mtu wa pili?"

Nilikaa na swali lile siku nzima. Waumini wanajaza kanisa mpaka nje kwenye viti vya plastiki, na hakuna mtu wa pili.

Charo akawa anakaa nyuma ya duka, penye baridi ya zile kuta za mawe, anakunywa chai ya tangawizi na kutazama watu wakipita kwenye kichochoro. Maleka hakumuuliza neno wala hakumpa kazi. Nilipomwambia Charo akate nyuzi angalau asione haya, Maleka alinikaripia, "Mwache! Mwili umekaa, wewe wamtafutia shughuli ya nini?" Wiki zikapita hivyo. Siku moja nikamsikia anaimba peke yake, chini chini, pambio lile mama alilokuwa akituimbia tukichambua kunde. Nilisimamisha cherehani ili nisikie vizuri. Akanyamaza, nami nikajilaumu kwa kusimamisha.

Mwezi wa Julai akaniambia anataka kwenda kanisani. Nilimuuliza kama ameyafikiria macho ya watu. Akasema, "Siendi kuhudumu. Naenda kukaa."

Tuliingia kabla ya ibada, tukakaa benchi la nyuma kabisa. Waliokuwa wamekaa pale wakainuka mmoja mmoja, huyu anaenda kunywa maji, huyu amemwona rafiki mbele. Tukabaki wawili kwenye benchi la watu wanane. Mchungaji Dishon alipomwona alibadilisha mahubiri, nakuapia, akahubiri juu ya mtu anayeshika jembe kisha akatazama nyuma. Charo alikaa mikono mapajani. Nilimwona jasho likimshuka shingoni.

Katikati ya mahubiri akaingia Mama Ronny. Alikuwa amekonda, kitambaa cheusi kichwani. Kanisa lilikuwa limejaa, nafasi ilikuwa kwetu tu. Alisimama pale mlangoni akitutazama, na naona nusu ya kanisa waligeuza shingo wakitarajia tamasha. Akaja mpaka benchi letu.

"Sijakusamehe," akamwambia Charo, wala hakupunguza sauti. "Songa."

Charo akasonga. Mama Ronny akakaa. Mchungaji akapoteza mstari aliokuwa akiusoma.

Baada ya ibada nilidhani yule mama ataondoka zake. Alitungoja nje, kwenye kivuli cha ukuta. Charo alianza kusema, akamkatiza kwa mkono.

"Nisikilize, maana sitarudia," akasema. "Ile dua uliyoiomba, nami niliiomba. Kila siku. Nilikuwa namwona mwanangu anavyopigwa sindano, nikamwambia Mungu mchukue, nimechoka, nataka nilale. Nilidhani ni mimi peke yangu mwenye roho mbaya kiasi hicho duniani. Kosa lako si kuomba. Kosa lako ni kusema mbele ya mwanangu akiwa hajafukiwa."

Charo akapiga magoti pale pale kwenye mchanga na suruali yake ya Jumapili. Mama Ronny akasema, "Inuka, watu wanatutazama," kwa ukali, akaenda zake kuwasha jiko la viazi.

Baada ya hapo sikuona muujiza wowote, na sitaki udhani nakuletea ushuhuda. Ila Jumamosi moja yule mama alipita dukani kwa Maleka. Akasema anakwenda wodini kuwaona wale wanawake waliobaki na watoto wao, na kama Charo anataka anaweza kwenda naye, lakini asiombe kwa sauti. Charo akaenda. Sasa huenda kila Jumamosi. Anawabebea maji, anakaa na mtoto mama yake akaoge. Akirudi anakula na kulala kama mtu. Ibada ya Jumapili anahudhuria, anakaa nyuma, anaimba. Siku nyingine Mama Ronny hukaa kando yake, siku nyingine humpita kama hamjui.

Wiki iliyopita Mchungaji Dishon alikuja hapa nyumbani. Kwaya imevunjika, vijana wametawanyika, na mazishi imembidi aende mwenyewe juani. Alikunywa chai yangu, akasema kanisa limekaa na kumsamehe ndugu Charo, arudi kwenye huduma zake zote. Alisema hivyo kama mtu anayeleta zawadi.

Charo alimsikiliza, akamjibu kwa upole kabisa. "Ahsante, Mchungaji. Mimi nina Jumamosi wodini. Hiyo naiweza, na hiyo nitaifanya mpaka nizeeke, Mungu akipenda. Hayo mengine tafuta watu."

"Watu gani, Charo? Unajua hakuna watu."

"Wapo," Charo akasema. "Wale waliokuwa wakinitazama."

Mchungaji aliweka kikombe chini bila kumaliza. Ashley hajarudi. Nilimpigia simu nikamweleza jibu hilo, akauliza kama siku hizi Charo analala vizuri. Nikamwambia analala. Akasema, "Haya," akakata.

Simu zako Charo hakuzipokea kwa sababu wewe ndiye uliyemfundisha kuomba ulipokuwa naye shule ya Jumapili, na aliona haya. Ameniruhusu nikuandikie. Alisema, "Mwambie yote, hata lile la makaburini. Hasa hilo."

Sasa nisikie vizuri, Mbodze. Wewe na Charo mmetoka tumbo moja, na kichwa chenu ni kimoja. Unadhani kukataa ni dhambi. Unadhani Mungu amekosa watu wengine katika Turkana yote. Unaandika kwamba umejimwaga wote kwa Bwana, na mimi nilimwona aliyejimwaga wote: siku alipokuja mama mwenye jeneza dogo, hakukuwa kumebaki ndani yake hata tone moja la huruma. Aliyeumia si Charo peke yake. Ni yule mama. Wagonjwa wako ndio watakaolipa siku utakapokauka, na hutajua umekauka mpaka mdomo wako ufunguke mbele yao. Siandiki haya kukuvunja moyo na imani. Nataka uzeeke ukiwa bado unaamini, na bado unamhurumia mtu. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba na wala hakuomba radhi. Wewe ni nani?

Mkuu wa zahanati yako lazima akupe likizo, ni haki yako. Akikwambia hakuna mtu wa kushika nafasi yako, mwache akae na tatizo lake. Njoo. Sitakupeleka kanisani kutoa salamu za umisheni. Nitakulaza chumba cha nyuma na kukupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka mpaka useme umeshiba.

Mama anakusalimu na anakukumbuka kila akila. Charo anakusalimu, safari hii kwa kinywa chake. Maleka anakusalimu, ameniuliza vipimo vyako, sijui ana mpango gani. Nawe nisalimie huyo muuguzi mwenzako na umwambie ahsante kwa kuibeba barua.

Mungu akutunze wewe kwanza, ndipo awatunze wengine kupitia kwako. Na tafadhali, usinijibu kwa mistari ya Maandiko. Nijibu kwa tarehe unayokuja.

Dada yako akupendaye bila kukusifu,

Kadzo